Nimechukua baiskeli ya resi, mikono inakufa ganzi na goti linauma, nianze kurekebisha wapi?

mtu_wa_tegeta

Habari za jioni wakuu, na wadada kama mpo. Naombeni msaada kabla sijaiuza hii baiskeli kwa hasira.

Mimi baiskeli nimeendesha toka mdogo ila hizi zetu za kawaida, Phoenix ya mzee nyumbani, baadaye nikawa na ya matairi manene. Mwezi uliopita nikajichanga nikachukua ya resi, mtumba wa Ulaya, fremu aluminiamu, foku (ile inayoshika tairi la mbele) kaboni, pembeni imeandikwa saizi 54. Urefu wangu sm 172. Muuzaji akanipandisha juu, akaangalia miguu, ikagusa chini, akasema hapo hapo, imekukaa kama ulishonewa. Nikalipa nikaondoka nacheka mwenyewe barabarani.

Sasa Jumapili nimetoka nayo alfajiri Tegeta naenda Bagamoyo. Bunju poa, Mapinga poa, kufika Kerege kidole kidogo na cha pete mkono wa kulia sivisikii, nakung'uta mkono kama nimeshika sufuria ya moto, vinarudi dakika mbili vinapotea tena. Zinga goti la kulia nalo likaanza, sio pembeni, mbele kabisa pale chini ya pia ya goti. Shingo usiseme. Bagamoyo nimekaa kwenye kibaraza cha duka nakunywa maji naiangalia baiskeli kama mtu ninayemdai, kurudi nikaomba lifti kwenye kirikuu ya mananasi, dereva ananiuliza imepata pancha? nikasema ndiyo, ningemwambia nini.

Niliyoshagusa mwenyewe ili mnielewe: niliona kwenye video jamaa wa Tour de France wanalala kabisa juu ya usukani, nikageuza stemu (kile kipande kinachoshika usukani) ikaangalia chini, na zile ringi ndogo za kuinulia usukani zilizokuwa chini yake nikazihamishia juu, kwa macho ilipendeza kweli. Halafu siti ilikuwa inanibana huko kunakobana nikainamisha pua yake kidogo. Urefu wa siti sijagusa kwa sababu muuzaji alishaniwekea.

Je fremu ni kubwa kwangu? Ninunue siti nyingine? Au hizi baiskeli ndo zilivyo mtu unazoea tu?

shemeji_wa_wote

Weka bei mkuu nije kuchukua, mimi nina 172 pia 😂

gololi_tatu

Usiuze. Na fremu huna shida nayo, 54 kwa mtu wa 172 ni ya kawaida kabisa, shida yako ni huyo aliyekupima kwa miguu kugusa chini. Hicho kipimo ni cha baiskeli ya kubebea mkaa, unasimama simama kila baada ya hatua kumi na mzigo nyuma, lazima mguu ufike. Kwenye resi ukiwa umekaa kwenye siti miguu haitakiwi kufika chini, ikifika sana ni ncha za vidole tena umeilaza baiskeli upande. Ukikuta foleni au tuta unatoka kwenye siti unakuja mbele, mguu mmoja chini mwingine kwenye pedeli. Siku mbili za mwanzo utaona aibu utaona kama unaanguka, halafu basi.

Siti ikiwa chini goti linajikunja kupita kiasi kila pedeli ikifika juu, na wewe unakanyaga kwa nguvu likiwa limejikunja hivyo hivyo, mara themanini kwa dakika, saa mbili. Lazima mbele ya goti paume. Kanuni ya haraka haraka ambayo mafundi wengi wanaenda nayo: goti likiuma mbele siti iko chini mno au imesogea mbele mno, likiuma nyuma kwenye ule mshipa wa nyuma ya goti siti iko juu mno. Sio Biblia wala Msahafu ila mara nyingi inagonga.

Fanya hivi leo usiku. Vua viatu, simama mgongo ukutani, miguu iachane kama sm 15, chukua kitabu kigumu kiweke kwenye msamba mgongo wa kitabu ukiangalia juu, kivute juu KWA NGUVU kama siti inavyokusukuma ukiikalia, usione huruma. Mtu mwingine apige alama ya penseli ukutani. Pima kwa futi toka sakafuni. Rudia mara tatu maana ya kwanza watu wote wanajionea huruma. Hiyo namba zidisha mara 0.883. Jibu ndo umbali toka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayoshika pedeli) mpaka juu ya siti, unapima kufuata lile bomba la siti, usipime wima. Hii hesabu ilijulikana sana kupitia Greg LeMond, yule Mmarekani aliyebeba Tour de France 1986, 1989 na 1990, aliitoa kwa kocha wake Mfaransa Guimard.

Njoo na namba.

mtu_wa_tegeta

Nimepima mkuu, mke wangu ndo kapiga alama na kacheka sana. Msamba sm 80. Mara 0.883 inakuja 70.6. Nikapima siti ilipo sasa hivi ni 66 kamili!! Yaani sm 4 na nusu chini???

gololi_tatu

Unaona sasa. Ulikuwa unaendesha kigoda.

Hakikisha na njia ya pili, kuna nyingine ya zamani ya asilimia 109, msamba mara 1.09 toka ekseli ya pedeli ikiwa chini mpaka juu ya siti. Kwako 87.2. Angalia krenki yako ubavuni kwa ndani itakuwa imeandikwa 170 au 172.5, kama ni 170 toa sm 17 unabaki na 70.2. Kwa hiyo njia zote mbili zinakupeleka kati ya 70 na 70.6, anza na 70.

Lakini usipandishe sm 4 siku moja ukaenda Bagamoyo, misuli ya nyuma ya paja haijazoea itakukamata. Pandisha 2 kwanza, endesha mara mbili tatu safari fupi, halafu pandisha nusu nusu. Kipimo cha mwisho ni nyonga: mwambie shemeji, mkeo, akae nyuma yako akuangalie unavyokanyaga, nyonga zikianza kucheza kushoto kulia kama unatembea na ndoo kichwani, umepitiliza, shusha mm 5. Pia weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kushuka. Ukirudi kukanyaga kwa mbele ya mguu goti litabaki na mkunjo kidogo, huo ndo unautaka.

Bi_Spoki

Kaka pole na goti. Naongezea kwenye ganzi maana naona wote mmekimbilia urefu.

Ganzi yako umeitengeneza mwenyewe kwa kuinamisha pua ya siti. Fikiria umekaa kwenye benchi ambalo limelalia mbele, unafanyaje? Unajizuia kwa mikono. Ndo hivyo, kila ukikanyaga unateleza kwenda mbele na mikono inakurudisha nyuma, uzito wote unaishia kwenye kiganja, na pale chini ya kidole kidogo kuna neva inapita juu juu kabisa, ndo maana ni kidole kidogo na cha pete tu vinakufa, sio vyote. Halafu juu yake umeshusha usukani, umejiongezea mzigo. Halafu siti ilipokuwa chini huko sm 66 miguu haikubebi, ukikanyaga vizuri miguu ndo inakunyanyua kidogo mzigo unapungua mikononi.

Kwa hiyo siti ilaze sawa. Kuna mtu yeyote mtaani kwako anajenga? Azima pima maji yake, baiskeli isimame kwenye sakafu iliyonyooka, weka kitabu kigumu juu ya siti toka mkia mpaka pua, pima maji juu ya kitabu, kile kipovu kikae katikati. Ukitaka kuinamisha baadaye iwe nyuzi moja au mbili, isiwe hiyo "kidogo" yako maana wanaume kidogo yenu naijua.

Na kama baada ya hapo bado inabana huko kunakobana, kwanza uliza ulivaa nini. Kaptula ya baiskeli yenye pedi inavaliwa BILA chupi ndani, nimeona wakaka wengi wanavaa boksa ndani halafu wanalalamika siti, ile mishono ya boksa ndo inakuchuna. Kisha upana: mifupa miwili ya makalio ndo inatakiwa ikae kwenye siti, sio nyama. Chukua kipande cha boksi la katoni, kiweke kwenye ngazi ngumu, kalia umeinama mbele miguu imenyanyuka kidogo, ukiondoka utaona mashimo mawili, pima toka katikati ya shimo hili mpaka lile, siti iwe pana zaidi ya hapo kama sm 2. Mimi nilihangaika mwaka mzima na siti nyembamba iliyokuja na baiskeli nikidhani maumivu ndo michezo. Usinunue siti yoyote kabla hujapima.

Mwendo_Eldoret

Habari ndugu zangu wa TZ. Mimi niko Eldoret, wengi huku hukimbia lakini sisi wachache tunapanda baisikeli na huku ni milima tu, kwa hivyo position ikiwa mbaya unajua mapema sana 😅

Hiyo maneno ya kuiga wale wa Tour, wacha kabisa. Wale wamefanya miaka kumi na tano, mgongo umezoea, wako na mtu wa kuwakanda kila jioni. Halafu hata wao hawakai sawa. Angalia Chris Froome, amezaliwa Nairobi 1985, amelelewa kwa baisikeli na David Kinjah pale Kikuyu, huyo alikuwa akipanda mlima viwiko vimetoka nje kama kuku ameshikwa mabawa, kichwa chini anaangalia stemu, mtu akikuona umekaa hivyo kwa barabara atakuambia hujui kupanda. Na amechukua Tour mara 4. Angejaribu kukaa kama mtu wa picha pengine hata hangefika Ulaya.

Wewe rudisha ringi zote chini ya stemu, geuza stemu iangalie juu. Ati itaonekana vibaya, wacha ionekane. Baada ya miezi mgongo ukifunguka unatoa ringi moja, unaendesha wiki mbili, unaskia. Kipimo changu: ukishika pale juu ya mpira za vishikio vya breki viwiko viwe vimekunjika kidogo, uweze kucheza piano na vidole bila kuanguka mbele. Ukishindwa kuinua vidole, uko mbali sana ama chini sana.

fundi_kirumba

Mafundi tunapita kimya kimya lakini hapa naona mtu atakuja kuanguka, mmemwambia ageuze stemu mkamuacha hapo.

Mtoa mada hiyo foku yako ni ya kaboni. Stemu inalibana lile bomba la foku, na boliti ya juu kabisa kwenye kofia iliyo juu ya stemu SIO inayoshika stemu, ile kazi yake ni kuvuta tu gololi zikae bila kucheza. Watu wengi wanaikaza hiyo ya juu kwa nguvu zote mpaka usukani unakuwa mgumu. Utaratibu: legeza za pembeni mbili, fungua ya juu, toa kofia, toa stemu, panga ringi zako, rudisha stemu. Hapo angalia bomba la foku liwe limezama mm 2 au 3 chini ya ukingo wa juu, likiwa sawa sawa na ukingo kofia haitavuta kitu, ongeza ringi nyembamba juu. Kaza ya juu taratibu, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma, ukisikia inagonga kwenye shingo ongeza robo, usukani ukiwa mzito punguza. Halafu simama mbele ya tairi unyooshe stemu na tairi, NDO ukaze za pembeni, mara hii mara ile, kidogo kidogo, nguvu ya kukaza kawaida ni 5 Nm, imeandikwa kwenye stemu yenyewe. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Azima. Usikaze kaboni kwa kukisia na mkono wa kukazia nati za lori. Nimeshaona bomba limepasuka kimya kimya ufa kama unywele.

Na bomba la siti. Mtumba wa Ulaya, umekaa kwenye kontena, halafu Dar na chumvi ya bahari. Kama ni aluminiamu ndani ya aluminiamu lichomoe lote ulisafishe upake grisi kabla halijaungana na fremu, likiungana utaniita mimi na utalia bei. Kama bomba la siti ni kaboni usipake grisi, kuna dawa yake ya chenga chenga. Na lina mstari wa mwisho umeandikwa, usipandishe mpaka uone huo mstari unatoka nje.

timazi

Mmesahau mbele na nyuma ya siti. Zile reli chini ya siti zinasogea. Mimi ni fundi ujenzi kwa hiyo nilifurahi sana kujua hata wazungu wanatumia timazi kwenye baiskeli 😀 Krenki zilale sawa na ardhi, mguu wa mbele kwenye pedeli kama unavyoendesha, shusha timazi toka mbele ya goti, uzi uanguke kwenye ekseli ya pedeli. Ukianguka mbele sogeza siti nyuma, ukianguka nyuma sogeza mbele.

gololi_tatu

Timazi ni mahali pa kuanzia tu mkuu, sio sheria. Hakuna sababu ya mwili inayosema goti lazima likae juu ya ekseli, ndo maana wale wa baiskeli za kulala wanakanyaga miguu imeenda mbele na magoti yao mazima. Mtu mwenye paja refu inamdanganya. Ila kwa anayeanza sawa, atumie, asiigeuze dini.

timazi

Sijasema dini mkuu nimesema timazi.

gololi_tatu

😂😂 Haya. Ila mtoa mada kumbuka moja, ukisogeza siti nyuma umejiongezea urefu wa kufikia pedeli, kwa kila sm 1 uliyorudisha nyuma shusha siti kama mm 3. Na usitumie kusogeza siti mbele ili uufikie usukani. Kama usukani uko mbali badilisha stemu, chukua fupi, zinapatikana za mm 80, 90, 100, kwenye mitumba huwa zinatupwa tu kwenye kapu.

Bi_Spoki

Na jamani abadilishe kitu KIMOJA kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitu vitano leo goti likapona hatajua nini kimemponya, likiuma zaidi hatajua pa kurudi. Zungushia tepu nyeusi kwenye bomba la siti pale ilipo sasa hivi kabla hujagusa, andika namba kwenye simu.

mtu_wa_tegeta

Asanteni sana wakuu, na dada Bi_Spoki umenitoa kwenye ununuzi wa siti, nilikuwa nimeshapata jamaa wa kunitumia pesa ananikopesha, nimeirudisha hewani.

Naanza: siti kulala sawa kwanza, halafu 68, halafu stemu. Nitaleta majibu.

mtu_wa_tegeta

Nimerudi, wiki tatu sasa.

Bomba la siti lilikuwa limeshika kweli kama alivyosema fundi_kirumba, nimekaa nalo jioni nzima naloweka mafuta ya kulegeza naligonga na nyundo ya mpira, likatoka na unga mweupe kama chokaa. Nimesafisha, grisi, limerudi linateleza kama kisu kwenye siagi. Krenki ni 170 kweli.

Siti niliilaza kwa pima maji ya kijana anayejenga fensi ya jirani, alidhani natania. Siku hiyo hiyo, bila kubadilisha kingine, nilienda Bunju na kurudi na ganzi ilichelewa kuja. Sikuamini, nikairudisha pua chini kwa makusudi nikaenda tena, ganzi ikaja pale pale. Basi nikaelewa.

Urefu nilipanda 68, wiki hiyo nyuma ya mapaja palikaza kidogo, 69, halafu 70. Nikajaribu 70.6 mke wangu akaniambia natikisa kiuno kama naimba taarabu, nikarudi 70.2 nikazungushia tepu. Goti kimya kabisa. Na kitu ambacho sikutegemea, ule upepo wa baharini wakati wa kurudi nilikuwa napambana nao kwa giya nyepesi, sasa kwa giya nzito napita, mguu unafika mwisho unasukuma kweli.

Kushuka siti mbele kwenye tuta nimeanguka mara moja, mbele ya kituo cha bodaboda, wote walisimama kunipigia makofi. Nimezoea.

Stemu imeangalia juu na ringi zote ziko chini. Mbaya kweli kwa macho, ila viwiko vimekunjika na vidole vinacheza piano kama alivyosema jamaa wa Eldoret. Kaptula nimevua boksa, sitaki maswali.

Kilichobaki sasa ni upande wa pili, kidole kidogo cha kushoto tu, kinaanza kusinzia nikipita Zinga. Kulia hamna kitu. Kwa nini upande mmoja?

Bi_Spoki

Angalia vishikio vya breki viko sawa? Weka rula ndefu toka ncha ya hiki mpaka ncha ya kile, uangalie umbali toka kwenye usukani. Mitumba mingi imeanguka upande mmoja huko ilikotoka na kishikio kimegeuka ndani, mkono unakaa umepinda kifundo. Pia wewe unabadilisha mikono au umeganda sehemu moja saa nzima? Kila baada ya dakika kadhaa hama, juu, kwenye mpira, chini kwenye mapembe.

mtu_wa_tegeta

Nimeenda kuangalia na tochi ya simu. Cha kushoto kimeingia ndani kama mm 8 na kimeshuka kidogo, yaani kinaonekana wazi nikiwa mbele ya baiskeli na sikuwahi kusimama mbele yake hata siku moja. Hiyo boliti yake iko wapi?

fundi_kirumba

Kunja ule mpira wa kishikio toka nje kama unavyokunja mkono wa shati, utaiona pembeni, inaingia alen-ki namba 5. Legeza tu usifungue yote, geuza mpaka vilingane, kaza. Usije ukakata tepu ya usukani yote kama yule mteja wangu.

mtu_wa_tegeta

Vimelingana. Jumapili natoka Tegeta saa 11 alfajiri, anayekuja aje na pampu maana yangu imekufa.

shemeji_wa_wote

Kwa hiyo hauuzi?